Earbuds nilizovaa kwenye ndege pembeni ya mama mkwe zimenibomolea nyumba

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Ninayoandika hapa yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Na naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikiteleza kwenye lugha mnivumilie.

Juzi kuna member kaanzisha uzi humu, anauliza earbuds gani nzuri za kusafiria na ndege. Mkamjaza comment. Mara angalia betri, mara hakikisha zina noise cancelling ya kuzima kelele za nje, mara ukishaweka flight mode unawasha tena bluetooth na hakuna wa kukuuliza. Nimeusoma uzi ule mpaka mwisho natafuta mtu mmoja tu aliyemuuliza yule jamaa atakaa na nani. Hakuna.

Haya, nisikilizeni.

Mke wangu, mama Rehema, alikuwa kwao Maramba. Sifichi, kosa lilikuwa langu. Tulikuwa na wageni nyumbani hapa Tanga, tukapishana kauli, nikatamka neno kuhusu kwao mbele ya watu. Neno lenyewe silirudii. Kesho yake akafunga mzigo, akambeba mtoto, akaondoka.

Mimi kiburi kikanikaa. Nikasema atarudi mwenyewe.

Wiki ya tatu shemeji yangu wa Dar, kaka yake mama Rehema, akanipigia simu. Mama yao ana mtoto wa jicho, la kushoto karibu halioni kabisa, na amepata nafasi ya kufanyiwa upasuaji Dar. Mgongo hauwezi safari ndefu ya basi, kwa hiyo kamkatia tiketi ya ndege. Kasikia na mimi naenda Dar kikazi siku hiyo hiyo. Akaniomba nimsindikize, maana mama hajawahi kupanda ndege maishani mwake.

Nikakubali haraka. Nikajisemea moyoni, hapa ndipo nitakapojisafisha.

Tena shemeji huyo huyo ndiye aliyeniambia ndege zile ndogo zina kelele, nitafute kitu cha kuvaa masikioni. Nina hasira naye mpaka leo, ingawa najua hana kosa.

Pale uwanjani mama alishuka kwenye gari kajitanda ushungi. Nikamwamkia kwa mbali, shikamoo mama, akaitikia huku anatazama chini. Ndivyo tulivyo. Wanaotoka huku kwetu wanajua, mkwe hatazamwi usoni na wala hamzoeani. Miaka saba ya ndoa sijawahi kula naye pamoja.

Angekuwa na hiari angekaa mbali na mimi. Lakini ndege ndogo hujichagulii, unapangiwa kiti kwa uzito, na sisi tukapangwa pamoja. Yeye dirishani, mimi kushoto kwake, upande wa jicho bovu.

Yeye akageukia dirisha. Mimi nikageukia njia. Hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Injini ilipowashwa nikavaa earbuds. Nilikuwa nimedownload uchambuzi wa mpira, jamaa wawili wanabishana kuhusu mabeki. Dunia yote ikanyamaza, aisee nikafurahi. Mara moja nilimwona mama kwa pembeni, midomo inacheza, tasbihi mkononi. Nikajua anasoma dua. Mtu wa mara ya kwanza angani atakuwa anasema nini kingine?

Na mwenzenu nina tabia moja. Mchambuzi akigusa penyewe natingisha kichwa. Akinikosha zaidi namwitikia kwa sauti, hata niwe peke yangu chumbani.

Tukashuka Dar salama. Wakati tunasubiri mizigo, mtu mzima mmoja aliyekuwa kiti cha nyuma yetu akanishika bega. Akasema mama yule kaniheshimu sana, nisimwangushe. Nikadhani ananisifia kwa kumsindikiza. Nikamshukuru, tena kwa tabasamu. Mjinga mimi.

Shemeji akampokea mama yake, mimi nikaenda kwenye mambo yangu. Jumatano nikarudi Tanga. Ijumaa nikatoka kuswali, nikala wali wangu, nikalala mchana kutwa.

Jumapili shemeji akapiga. Hakusalimia. Aliuliza kwa nini nimemdhalilisha mama yake.

Ndipo nikaambiwa yote. Mama alizungumza nami karibu njia nzima. Aliniambia baba mkwe na wajomba wamekaa kikao, wamekubaliana mama Rehema adai talaka, na ni yeye peke yake aliyekataa. Akawaomba wanipe mpaka Ijumaa. Nije Maramba na wazee wawili, niombe radhi kwa lile neno, nimchukue mke wangu tuondoke. Hayo hakuweza kuniambia kwa simu mbele ya wanaume wa nyumbani kwake, kwa hiyo aliyahifadhi mpaka tukawa angani.

Akaniuliza kama nitakuja. Nikatingisha kichwa.

Akaniuliza tena, kweli?

Nikasema, "Kweli kabisa."

Wakuu, nilikaa chini sakafuni. Ile kweli kabisa nilikuwa namwambia mchambuzi kuhusu beki wa kulia.

Mama alipofika hospitali akapiga simu Maramba kuwaambia mkwe wake kakubali. Wazee wakaitwa, wakapikiwa, wakakaa barazani tangu baada ya sala ya Ijumaa mpaka magharibi. Mimi nimelala. Na mama yuko kitandani jicho limefungwa, anapigiwa simu kuulizwa huyo mtu wako yuko wapi.

Aliporudi kwake nikaenda na wazee wangu wawili. Nikaeleza kila kitu. Nikazitoa earbuds mfukoni nikaziweka juu ya mkeka kama kidhibiti. Baba mkwe akazitazama, hakuzigusa.

Mama alizungumza kutoka ndani, nyuma ya pazia.

"Baba Rehema, mkwe hasemi na mkwe maneno yale. Niliweka haya yangu pembeni nikayasema. Mara ya pili siwezi."

Nikamgeukia mke wangu. Nilijua yeye atanielewa, maana tabia yangu ya kuitikia redio anaijua, amenicheka nayo miaka yote.

"Nakuamini hukusikia," akasema. Nikashusha pumzi. "Ungekuwa umesikia ukapuuza, ningesema ni kiburi, na kiburi chako nimekizoea. Lakini mama yangu haoni, anatetemeka, umekabidhiwa wewe, ukaziba masikio. Angekuita ana shida ungejuaje?"

Utetezi wote nilioupanga njiani ndio ulionimaliza.

Wazee wao wamenipa mpaka mwisho wa mwezi nipeleke talaka.

Nina hasira na shemeji, na yule wa kiti cha nyuma ambaye hakusema neno moja zaidi, na wazee walionuna barazani. Nikimaliza kuwahesabu wote nabaki mimi. Saa nzima nimekaa bega kwa bega na mtu anayenipigania, mimi nasikiliza habari za watu wasionijua.

Funzo ni hilo. Ukisafiri peke yako vaa hata mbili kila sikio. Ukikabidhiwa mtu, acha hizo takataka kwenye begi, hata kama mila inawazuia kutazamana.

Na wewe unayetaka kuniambia ningenunua zile zinazopitisha sauti ya nje, tafadhali pita kimya, leo siko sawa.

Wa kunitukana anitukane, nimestahili. Lakini kama yupo humu anayejua namna ya kumwendea mkwe ambaye ameshasema la mwisho, namwomba asiupite uzi huu bila kuandika. Mwezi umebakiza siku tisa.