Sinema Tuliyopiga Kibondo

Kamera ilikuwa ya baba yake rafiki yangu, daktari wa hospitali ya Kibondo, mtu wa upande wa Bukoba aliyeletwa kwetu na kazi. Aliinunua alipokuwa akisoma Ulaya. Ilikuwa ndogo ya kushikwa kiganjani, ikitiwa ufunguo kama saa ya mezani. Ukibonyeza inakoroma kidogo, kisha inanyamaza, na hapo ujue picha zimekatika mpaka uitie ufunguo tena. Sauti haikuchukua hata kidogo. Daktari aliitumia kuwapiga picha wanawe walipokuwa wadogo wakiogeshwa kwenye karai, halafu akaichoka, ikabaki kabatini na mikanda michache ambayo haijaguswa. Binti yake, yaani rafiki yangu, alipomwomba, aliihesabu mikanda kwanza.

"Mikanda hiyo ikiisha, mama, hakuna mingine," akasema. "Kwa hiyo fikirini kwanza."

Tulifikiri likizo nzima. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, watu wengi wameshahamia vijiji vipya, na sinema pekee tulizozijua ni zile za gari la serikali, zilizotufundisha kuchimba vyoo na kupanda mahindi kwa mistari. Rafiki yangu alisema anataka sinema ya watu wa rika letu ambamo hakuna anayefundishwa kitu. Tukatunga hadithi. Msichana na mvulana wanakutana kisimani, wanazoeana, wanagombana, wanapatana. Kisha mvulana anachaguliwa kwenda sekondari Tabora, anapanda lori, na msichana anabaki amesimama barabarani akilia. Tuliiona nzuri mno. Mimi mwenyewe nililia tulipoitunga.

Msichana nilitakiwa niwe mimi. Baba yangu alikuwa na duka la nguo karibu na soko, na kanga za kuvaa zisingetupa tabu. Lakini siku ya majaribio, kabla ya kutia mkanda, rafiki yangu alichungulia kwenye kitundu cha kamera, akashusha mkono.

"Unasema sana," akaniambia. "Mdomo unakwenda, uso umekaa kama wa mtu anayengoja daktari."

Nilijaribu tena. Nikasema zaidi.

Nyuma ya duka letu alikaa mama mmoja Muha aliyeuza ndizi mbivu na mihogo ya kuchemsha, na binti yake wa umri wetu. Homa ilimshika yule binti akiwa mdogo, ikaondoka na masikio yake. Mji mzima ulimwita bubu, nasi pia. Hakuwa mnyonge kwa lolote. Alikuwa mcheshi, mbishi, na mapera ya watu aliyachuma mchana kweupe. Siku hiyo alikuwa ameegemea ukuta anatutazama. Akaja, akanisukuma kwa nyonga, akachukua ndoo yangu, akaenda kisimani kwa ule mwendo wa msichana anayejua kuna mtu anamwangalia na anajifanya hajui. Hatukuwa tumemweleza hadithi. Aliipata kwa kututazama tu. Mvulana wetu, mtoto wa mwalimu aliyekuwa ameazima suruali ya bugaluu kwa kaka yake, alisahau kuondoka mahali aliposimama.

Rafiki yangu alinigeukia pole pole. "Usikasirike," akasema.

Nilikasirika mpaka jioni. Kesho yake nikaenda kumwomba mama yake yule binti ruhusa, kwa sababu kati yetu wawili mimi ndiye niliyejua Kiha.

Yule mama alikuwa anamenya mihogo. Alinisikiliza bila kuacha kisu. "Mtamcheka?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Watu wakimwona kwenye hiyo picha, watamcheka?"

Nikamwambia sijui. Nadhani ndiyo maana alikubali. "Oya, hujui," akasema; oya kwa Kiha ni hapana. "Basi mchukueni, lakini kabla ya giza awe nyumbani."

Kupiga sinema na yeye ilikuwa vita na raha pamoja. Hukuweza kumwita kutoka mbali, ilibidi umkimbilie umguse bega. Alikuwa na ishara zake za nyumbani, nasi tukajifunza hizo, tukaongeza nyingine. Alitupa majina: mimi nilikuwa mtu wa kuvuta ndewe ya sikio, kwa ajili ya vipuli vyangu; rafiki yangu alikuwa jicho moja limefumbwa, kwa ajili ya kamera. Kitu asichokitaka hakukifanya. Akitakiwa aone haya, anaona haya mara moja, ukimwomba arudie anakutazama kama umemwomba chakula alichokwisha kula. Ikawa vizuri hivyo, kwani mikanda haikuturuhusu kurudia.

Tulipiga kisimani, tukapiga sokoni, tukaenda mpaka Kumsenga kwa bibi yake mvulana, ambako kuna mteremko wenye majani marefu tuliyotaka upepo uyalaze. Upepo haukuja. Tulikaa pale tukala ndizi za kuchoma na maharage mpaka jua likainama, na mwishowe rafiki yangu akawapiga wawili wale walivyokaa tu, wamechoka, migongo imegusana, wanafikicha karanga. Hakuna aliyewaambia kwamba kamera inakoroma.

Sehemu ya mwisho tuliipiga Kibondo, barabara ya kwenda Kasulu, lori likiwa tayari linanguruma na dereva akitwambia tufanye haraka. Mvulana akapanda na begi lake. Msichana alitakiwa alie. Tulimwonyesha machozi kwa vidole tangu asubuhi, naye aliitikia kwa kichwa. Kamera ikaanza. Akamtazama mvulana kwa muda, uso umetulia. Halafu akainua mkono, akafungua begi la mvulana, akatoa muhogo wa kuchemsha aliofungiwa wa safari, akaukata nusu, nusu akamrudishia. Akageuka, akaondoka akila, wala hakuangalia nyuma. Akala mpaka kamera ikanyamaza yenyewe, mkanda umekwisha.

Rafiki yangu alikaa chini vumbini. "Ameiua," akasema. "Ameiua sinema yangu."

Nikamwendea yule binti, nikamwonyesha machozi, nikamwonyesha kamera, nikamuuliza kwa mikono, kwa nini? Akanijibu upesi kwa ishara ambazo ningeweza kuzisoma hata kwenye ukungu: yeye anakwenda, mimi nabaki, nikilia nani atapika?

Mikanda ilitumwa Ulaya kusafishwa. Mvua za vuli zilianza, zikakatika, zikarudi, na kila gari la posta lilipoingia tulikuwa wa kwanza kufika. Iliporudi, daktari mwenyewe aliikata na kuiunga mezani kwake kwa wembe na gundi, binti yake akiwa amesimama nyuma yake anamwamrisha kama mgonjwa. Ile sehemu ya mwisho, ya muhogo, hakuitoa. Alikuwa hana nyingine.

Tuliionyesha kwanza hospitalini, kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukumbi wa wagonjwa wa nje, jioni jenereta lilipowashwa. Mimi nilisimama pembeni ya shuka na kuwa sauti ya kila mtu, msichana, mvulana, bibi, hata dereva wa lori. Yule mama wa ndizi alikuja na beseni lake kichwani, akakaa mbele nalo. Sikumwona akicheka wala akilia. Ilipokwisha alinishika mkono. "Mwana wanje, mwanangu, ana sauti kama yako?" akaniuliza, na sikujua kama anafanya mzaha.

Kibondo ilipoipenda, rafiki yangu akataka Kasulu. Mjomba wangu alikuwa na duka kule, na jenereta, na ghala lililokuwa tupu kwa sababu maharage yalikuwa hayajavunwa. Tukatengeneza matangazo kwa karatasi za kufungia vitambaa dukani kwa baba, tukaandika kwa ile dawa ya zambarau ya vidonda, ambayo daktari alitupa kidogo akijifanya hatuoni. Mikono yetu ilikaa zambarau wiki nzima. Tuliyabandika sokoni, kwenye mti wa posta, na ubavuni mwa lori lililotubeba sote wanne, daktari mwenyewe akiwa mbele na mashine yake ya kuonyeshea amepakata kama mtoto.

Kasulu ilikuwa siku ya gulio. Mjomba alinikunjia bati likawa tarumbeta, nami nikazunguka nikipiga kelele tangu asubuhi: "Njooni muone! Sinema ya Kibondo! Vijana wenu wenyewe!" Nyota wetu alitangulia mbele amevaa kanga ileile ya kwenye picha, anatembea kwa ule mwendo wake. Watoto wakafuata, kisha wanawake wenye vikapu, kisha watu kutoka Rungwe Mpya walioleta mihogo wakaiacha chini wakaja kuuliza. Mimi nikazidisha. Vumbi lilikuwa jekundu na nene. Ilipofika alasiri nilifungua mdomo kumwitikia mjomba, pakatoka pumzi tu.

Shangazi, mke wa mjomba, alinipa chai ya tangawizi na asali. Nikanywa. Nikasukutua maji ya chumvi. Sauti haikurudi. Ghala lilikuwa limejaa watu mpaka mlangoni, madirisha yamezibwa kwa magunia ili giza lipatikane mchana, na rafiki yangu hakuweza kunisaidia. Yeye hakujua Kiha, na Kiswahili chake cha Bukoba na shule wazee wengi mle wasingekifuata.

"Basi waione hivyohivyo," daktari akasema, akawasha.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Msichana anakwenda kisimani, mvulana anamtazama, na ghala kimya, ila jenereta nje na mashine ikitatarika. Nilitamani nipotee. Kisha mvulana akaanza kusema kwenye shuka, midomo inakwenda, na mama mmoja katikati ya watu akasema kwa Kiha, kwa sauti ya kukemea, "Usimjibu huyo! Mwache abebe maji mwenyewe!"

Watu wakacheka. Mwanamume mmoja upande wa pili akajibu kwa niaba ya mvulana, kwa sauti nyororo ya kubembeleza, "Nipe ndoo nikusaidie, mrembo." Mama akamjibu kwa niaba ya msichana. Na mwingine akadakia. Baada ya hapo hapakuwa na kuwazuia. Kila aliyefungua mdomo kwenye shuka alipata wa kumsemea ghalani, wakati mwingine watatu kwa pamoja, wakabishana kati yao nani amesema sawa. Walisema mambo mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasema mimi. Pale Kumsenga, wale wawili walipokaa migongo imegusana, watu walinyamaza wenyewe, na mzee mmoja akasema taratibu, "Hapa hawaongei." Hakuna aliyembishia.

Nyota wetu alikuwa kando yangu. Hakuitazama picha, aliwatazama watu, midomo yao na mabega yao na vidole vyao vikionyesha shuka. Akavuta ndewe ya sikio lake, yaani mimi, akauliza kwa mikono, wanafanya nini? Sauti sikuwa nayo, na kwake sikuihitaji. Nikamjibu: wanasema maneno yako. Akafikiri. Akauliza, wanasema vizuri? Nikamwambia, ego, ndiyo, vizuri sana, nikitikisa kichwa mpaka vipuli vikanipiga shavuni. Akarudi kuwatazama, na uso ule sijauona kwenye mkanda wowote.

Ulipofika muhogo, ghala lilipiga kelele hata kuku wa shangazi wakatawanyika uani. Wanawake walisimama. Mjomba alisema hajawahi kusikia wanawake wakishangilia mtu anayekula. Rafiki yangu alinikumbatia nyuma ya mashine, analia yale machozi aliyokuwa ameyataka siku zote, na baba yake akamwekea mkono kichwani huku mwingine ukishika mkanda usikatike.

Mwaka uliofuata daktari alihamishwa, akaenda na binti yake na mkanda. Tuliandikiana kwa muda, kisha maisha yakatubeba kila mmoja kwake. Mvulana alikwenda sekondari kweli, ila siyo Tabora. Kibondo hapakupigwa sinema nyingine mimi nikiwapo.

Nyota wetu aliolewa Kumsenga. Nilikwenda kumtembelea alipojifungua mtoto wa kwanza, na kwa vile mvua ilinizuia, nikalala. Nilikuwa na wasiwasi moyoni ambao sikuuonyesha: mtoto akilia usiku, itakuwaje? Alinitandikia mkeka karibu na wake. Akamlaza mtoto ubavuni, akaweka kiganja juu ya kifua chake kidogo, akalala hivyo. Kulipokaribia kucha niliamshwa na mguno, ule mguno wa mtoto kabla hajaamua kulia. Nikainuka kwenye kiwiko ili nimguse mama yake. Alikuwa ameshakaa, titi liko mdomoni mwa mtoto, ananitazama kwa kushangaa, akauliza kwa mkono mmoja, umeamshwa na nini?