Bakuli la Mama Mdogo

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Shule yangu iliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Pale nilipokosea herufi, someni mnavyoelewa. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu na bado linanishangaza, ndiyo maana naliandika.

Nilizaliwa ziwani, kwa upande wa mama, tulikokula ugali wa muhogo na usipa, wale dagaa wetu wa Nyasa. Nilipomaliza shule nilipandishwa milimani Mbinga, kwa babu mzaa baba, nikasaidie shamba la kahawa. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuja na magari yao mpaka vijijini, na mitumba ilikuwa imejaa mnadani Kitai. Lakini kwa babu bado walishika sengu. Kila jioni kila mji wa ukoo ulileta chakula uwanjani kwake, na wanaume wote, wakubwa kwa watoto, tulikula pamoja. Wanawake walikula jikoni.

Kulikuwa na mama mdogo, mjane wa mdogo wake baba. Hakujaliwa mtoto. Bakuli lake la maharage lilikuja kila jioni kama mengine, na lililiwa, na hivyo ndivyo watu walivyojua kwamba yeye bado ni wetu. Hakuwa na kitu kingine cha kumshikilia pale.

Siku moja kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alirudi mnadani na suruali ya mtumba, akanilazimisha niijaribu mbele ya watu. Kifungo hakikufika.

"Tumbo la ziwani hili," alisema. "Limeumbwa kuelea."

Wote walicheka, hata babu. Mimi nilicheka pia. Kimatengo changu kilikuwa kibovu, nilikuwa mgeni, na kucheka ndiyo lugha pekee niliyokuwa naijua vizuri.

Tangu jioni ile nikawa nachukua matonge matatu tu, nanawa. Hakuna aliyeona, kwa sababu mimi ni mtu wa kukaa pembeni. Lakini kesho yake mchana, watu wakiwa shamba, njaa ilinipeleka jikoni. Nilikula ugali uliolala, nikala viazi, nikala kama mtu anayefukuzwa, bila kuhisi ladha. Nilipomaliza niliona aibu iliyonipita kimo. Nikaenda shambani, katikati ya miti ya kahawa, nikajitapisha.

Nilifikiri ni siku hiyo tu. Ikawa kila wiki, halafu karibu kila siku, hata jioni baada ya sengu. Mwanzoni niliona kama ujanja, kisha nikaona siwezi kuacha. Koo liliniuma, meno yaliuma nikinywa maji ya mtoni, na nikilima ngolo, yale mashimo yetu ya mteremkoni, nililazimika kukaa chini kabla ya kumaliza mstari. Niliamini kwamba duniani kote ni mimi peke yangu ninayefanya hivyo. Huo ulikuwa ndio upweke wenyewe.

Jioni moja kaka alinikuta nikijitapisha kwenye kahawa, nimetoka kula kwenye sengu. Hakunitania. Aliogopa, akakimbia kusema. Na kwetu, mtu akitapika chakula cha sengu, swali la kwanza ni chakula hicho kimetoka kwa nani. Siku hiyo mboga iliyoliwa zaidi ilikuwa maharage ya mama mdogo.

Hakuna aliyemshtaki kwa mdomo. Ila kesho yake bakuli lake lilikuja likarudi limejaa. Siku ya pili hivyo hivyo. Niliwasikia wakubwa wakikumbushana jinsi mumewe alivyofariki ghafla. Nami nilikaa pale, nikala vya wengine, nikanyamaza. Sehemu hii naiandika kwa shida kuliko zote.

Siku ya tatu alilileta mwenyewe mpaka katikati ya wanaume, jambo ambalo mwanamke hafanyi. Alipiga magoti, akamega ugali wake, akachovya kwenye maharage yake, akala. Akamega tena, akala.

"Nimekula mbele yenu," alisema.

Hakuna mkono ulionyooka. Nilisikia kuku wakigombania pa kulala. Aliinuka, akashika bakuli aondoke, na nilijua kwamba akiondoka nalo safari hii, atapita nyumbani, atafunga nguo zake, na atarudi kwao Namswea na jina la mchawi.

Mimi, ambaye hata kusalimia shikamoo nilisalimia kwa sauti ya chini, nilisikia mdomo wangu unasema: "Si chakula chake, babu. Najitapisha mwenyewe. Cha kila mji. Hata chako."

Babu aliniuliza kwa nini. Nilisema siwezi kuacha. Baba mkubwa mmoja akasema labda huo ndio uchawi wenyewe unaongea. Babu alimwambia anyamaze. Kisha alinyoosha mkono, akalivuta bakuli kutoka kwa mama mdogo, akatumbukiza tonge.

"Maharage yamepoa," alisema. "Siku tatu tumemwonea mtu."

Akampelekea kaka. Kaka akala. Likazunguka uwanja mzima, mpaka likanifikia mimi. Nimeona milima ya Tingi ikimulikwa na radi, lakini sijawahi kuona kitu kikubwa kama ule mkono mkavu wa babu ukiingia kwenye lile bakuli.

Mama mdogo hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu alifunga vitenge akasema tunakwenda ziwani kwa mama yangu, kwenye zahanati ya misheni ya huko, maana amesikia kuna nesi mtu mzima anayejua kusikiliza. Njiani nilimweleza yote, habari ya suruali pia. Tulipofika mahali barabara inapoanza kuteremka, ziwa lilitokea mbele yetu, limesimama wima kama mbingu ya pili. Yeye alikuwa hajawahi kuliona. Alikaa chini pembeni ya njia.

"Hili lote ni maji?"

Nilisema ndiyo, na kwamba ng'ambo haionekani vizuri ila siku za hewa safi.

"Umetoka kwenye kitu kama hiki," alisema, "ukaja kuteswa na kifungo."

Nesi hakushangaa nilipomweleza. Alinisikiliza moyo, akatazama meno yangu, akauliza ninakula saa ngapi na saa ngapi nashinda njaa. Aliniambia huu ni ugonjwa, si uchafu wala si kulogwa. Mtu hujinyima, mwili unalipiza, mtu anakula kupita kiasi, anaona aibu, anatapika, anajinyima tena, na duara linazunguka. Ugonjwa huo unaweza kuharibu meno, hata moyo, na hautoki kwa kukemewa. Niliuliza kama yupo mwingine.

"Wawili kabla yako," alisema. "Mmoja mwanaume mzima, ana mke na watoto."

Wawili! Nilishika benchi kwa mikono yote miwili. Sikujua kwamba namba ndogo hivyo inaweza kumtoa mtu chini ya maji.

Alinipangia kula asubuhi, mchana na jioni, nisiruke hata kama jana nilishindwa, nisikae peke yangu baada ya kula, na nirudi kila mwezi kupimwa. Mama mdogo hajui kusoma, lakini maneno yale aliyashika yote.

Tuliporudi aliniweka jikoni kwake. Tulikula pamoja, kisha aliweka ungo wa kahawa kati yetu tuchambue mbovu na nzima, uso kwa uso, mpaka lile wimbi la kutaka kutapika lipite. Kaka zangu waliniita bibi harusi wa jikoni. Yeye aliwajibu kwamba kama wana wivu, ungo mwingine upo. Mara nyingine nilishindwa. Nilikwenda kumwambia nikisubiri anikasirikie, naye alisema tu, "Chai ya asubuhi usiikose." Sijui alijifunza wapi kusema vile. Yeye ndiye niliyemwacha siku tatu akitazamwa kama mchawi, nami sijawahi kumsikia akilitaja.

Sasa nimerudi kwenye sengu. Bado zipo siku mbaya, lakini zinakuja kwa nadra. Babu alisema bakuli la mama mdogo likija lipokelewe na mimi, na mimi ndiye nimege wa kwanza. Nafanya hivyo kila jioni, na mama mdogo husimama mlangoni kwake mpaka anione nimemeza, ndipo anaingia.

Nesi alisema wawili, mimi wa tatu. Lakini yeye ni nesi mmoja, wa zahanati moja, kwenye ufuko mmoja. Kama wewe unayesoma ni wa nne, tafuta kwanza mtu mmoja wa kukaa naye baada ya kula, na umwambie nesi au mganga wa hospitali. Kisha niandikie. Hata kama mwandiko wako ni mbaya kuliko huu wangu, nitausoma polepole mpaka mwisho.