Kamba ya Majina

Mimi ndiye niliyesoma majina yale kwa sauti, na sina wa kumsingizia. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule moja ya msingi huko Itetemia, na kwa miaka mingi kipindi cha sanaa pale kwetu kilikuwa kipindi cha kufyeka majani. Ngoma hatukuwa nazo, rangi hatukuwa nazo, na mwalimu wa sanaa nilikuwa mimi, ambaye hata kanisani waliona heri nitunze majoho ya kwaya kuliko kuimba.

Kwa hiyo mradi wa ushirikiano ulipokuja niliupokea kwa mikono miwili. Mpango wenyewe haukuwa mgumu. Shule itoe watoto na uwanja, shirika la mjini litoe vifaa, kikundi cha ngoma kitoe ujuzi. Watoto thelathini, kila Jumatano saa tisa alasiri. Kikundi kilichochaguliwa kilikuwa cha ngoma ya wapagazi, wale mababu waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na vitambaa. Barabara yao inapita nyuma ya vyoo vya shule yetu. Siku hizi wanaipita wauza mkaa na baiskeli zao, lakini imezama chini kuliko mashamba ya pande zote mbili, na mvua ikinyesha maji hukaa humo siku nyingi.

Mwenye kikundi alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Cheyo, muuza asali, ambaye mimi na mvi zangu hizi namwamkia shikamoo. Mwembamba, hana maneno mengi. Kusoma na kuandika hajui, na hakuona haya kulisema. Ngoma ile aliachiwa na shangazi yake, na shangazi naye aliachiwa na wakubwa zake.

Binti wa mradi, aliyetumwa na lile shirika la mjini, alikuja na fomu zake. Kila mshirika, alisema, lazima awe na orodha ya watoto na aithibitishe. Nikamwambia huyu mama karatasi haitamsaidia. Basi msomee, akaniambia. Tukakaa kwenye veranda ya ofisi, nikaanza kusoma kwa ile sauti yangu ya kuita mahudhurio.

Yule mama akatoa kiunoni kamba ya magome ya mti, nyeusi kwa uzee, imejaa mafundo upande mmoja. Kila nilipotaja jina alilirudia polepole, akafunga fundo. Nilipofupisha alinizuia. Alitaka na jina la baba, na la babu kama linajulikana. Nilidhani anahesabu tu, na moyoni nikawa nanung'unika kwamba tutamaliza saa ngapi. Binti wa mradi alimpiga picha, akasema huo ni utunzaji mzuri wa kumbukumbu. Tulimaliza thelathini, tukanywa soda, kila mtu akaenda zake.

Sitasema uongo, ngoma ile ilikuwa nzuri. Watoto walisimama mstari mmoja, kila mmoja na mzigo wa majani makavu kichwani, na yule mama akatembea kando yao na kangoma kadogo. Kabla ya kuanza aliita majina kwa kupapasa mafundo, na mtoto akiitwa hujibu, "Nipo." Alinieleza kwamba zamani ndivyo walivyofanya kila asubuhi kambini, ili pasiwe na mtu atakayeachwa porini. Watoto wa wafugaji waliokuwa wakitoroka shule wiki nzima, Jumatano walikuja. Waliokuwa hawafungui midomo darasani waliimba mpaka mishipa ya shingo ikawasimama. Nilifurahi sana. Nilijiona nimefanya jambo moja la maana katika kazi yangu.

Baada ya kama mwezi niliona kitu nikakicheka. Watoto wale thelathini walianza kutembea kwa mpangilio uleule hata pasipo na ngoma. Wakienda kuteka maji, mstari. Wakiingia darasani, mstari, na kila mmoja yuko mbele ya yuleyule na nyuma ya yuleyule. Nilimtania mwalimu mwenzangu kwamba hatimaye nidhamu imepatikana Itetemia.

Mmoja wao alikuwa msichana mrefu, hodari kuliko wote. Mama yake alikuwa akiuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, na kwa kuhangaika kwake kote alimpatia nafasi katika shule ya bweni kule Nzega. Alitakiwa aripoti Jumatatu moja bila kukosa, asipofika nafasi apewe mwingine. Mama mtu alikuja kuniomba nimwondoe kwenye ngoma ajiandae. Nikachukua kalamu nyekundu, nikakata jina. Kazi ya dakika moja.

Jumatano iliyofuata, ya mwisho kabla ya Jumatatu hiyo, yule mama wa asali aliita majina. Alipofika kwenye fundo la yule msichana akaita, akangoja, akaita tena. Nikamwambia huyo ameacha, ana shule. Akapapasa fundo linalofuata. Ngoma ikaanza, na mahali pa yule msichana mstarini pakabaki wazi. Aliyekuwa nyuma hakusogea mbele. Nilimwamuru asogee, akasogea hatua mbili, kisha akarudi nyuma taratibu mpaka pengo likawa la mtu mmoja kamili.

Kesho yake mama wa msichana alinifuata shuleni, kanga imemdondoka begani na hana habari nayo. Jana saa tisa, alisema, mtoto alikuwa anakunja nguo zake za bweni, akaziacha, akatoka uani akasimama. Alisimama pale mpaka jua likakaribia kuzama. Zahanati walimpima malaria hawakuona. Chakula hataki. Nikamwambia ni woga wa kwenda mbali na nyumbani, mtoto ni mtoto. Akanijibu nije nione mwenyewe, basi.

Nilikwenda saa tisa kasoro. Msichana alikuwa ameketi kizingitini, akaniamkia vizuri. Mara akainuka, akaenda katikati ya ua, akageuka upande wa mashariki. Mikono ikapanda juu ya kichwa ikashika kitu ambacho hakikuwepo. Shingo ilianza kuzama mabegani, kidogo kidogo, na magoti yakatetemeka. Jasho lilimtiririka puani na hakulipangusa, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Nilijaribu kuishusha. Mimi si mtu mdogo, lakini sikuiweza.

"Mzigo wangu umewekwa chini," alisema, hakuwa akisema na mimi. "Nani kaubeba?"

Mama yake hakupiga kelele. "Wewe ndiye uliyemwandika, mwalimu," akaniambia. "Mtoe. Jumatatu ataripotije hivi?"

Usiku ule sikulala vizuri, na Ijumaa asubuhi nikachukua bodaboda mpaka Cheyo, hasira imenijaa kifuani. Nilipanga maneno njia nzima. Nilimkuta yule mama anachuja asali kwenye ndoo, nyuki wachache wanamzunguka mikono. Shikamoo, marahaba, akanipa kigoda. Nikamweleza yote, nikamaliza kwa kumwambia afungue lile fundo, leo.

Alisema hawezi. Hakusema kwa ubishi. Fundo la kamba ile halifunguliwi tupu. Zamani mpagazi akishindwa njiani, mzigo wake ulipewa mwingine kabla hajaruhusiwa kukaa chini, la sivyo msafara wote ungesimama. Na mtu akitoka jina lake hutoka kwa jina la mwingine kuingia. Hakutunga yeye, hivyo ndivyo alivyokabidhiwa.

"Mbona hukutuambia?" nikamuuliza.

"Mliniletea majina na majina ya baba zao, mkayataja mbele yangu moja moja," akasema. "Nilijua mmekubaliana. Nikasema kumbe shule nao wanajua."

Ni kweli, tulimpelekea. Tena tulimharakisha.

Akaniuliza nina jina gani. Nikafikiria watoto wa darasa langu, kila mmoja ana mama. Nikafikiria wajukuu zangu, nikaogopa hata kuwafikiria pale. Nikafikiria jina langu mwenyewe, na hapa naomba nisifichefiche, sikulitaja kwa sababu niliogopa. Nilikwisha kuiona ile shingo na yale magoti. Ndipo akili yangu ikaleta ujanja. Nitaje mtu ambaye hakuna kitakachomdhuru tena.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Alikufa kwa surua akiwa na miaka tisa, na mimi nina kumi na mbili. Nyumbani kwetu jina lake halikuwa likitajwa, mama alikuwa akilisikia anaacha alichokuwa akifanya. Nikamwambia yule mama ninaye mtoto mmoja.

"Ana miaka mingapi?" akauliza, mkono ukiwa bado kwenye kichujio.

"Tisa."

"Amekubali?"

"Amekubali," nikasema.

Akanawa mikono, akaipangusa, akatoa kamba. Akaniambia nimtaje vizuri, kama nilivyowataja wale. Nikamtaja mdogo wangu, jina lake, la baba, la babu. Sauti ilinikatika kwenye jina la kwanza, nikaanza upya. Akalirudia. Fundo moja likafunguka, jingine likafungwa palepale, na sikuona vidole vyake vikifanya hivyo.

Siku hiyo saa tisa msichana aliomba ugali. Mama yake alinipigia simu analia na kucheka, akanishukuru mpaka nikaona aibu. Jumapili walipanda basi, na Jumatatu akaripoti Nzega. Nasikia anaendelea vizuri, na hakumbuki kitu. Nikashusha pumzi, nikajisifu kwa akili zangu.

Jumatano yule mama aliita majina. Akafika kwenye fundo jipya, akaita. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlingoti wa bendera, na kumsikia mdogo wangu anaitwa kwa jina lake lote, mchana kweupe, katika uwanja wa shule, kulinifanya niushike mlingoti kwa mikono miwili. Hakuna aliyejibu. Yule mama alingoja kiasi kilekile anachowangoja wote, kisha akaita jina linalofuata. Pengo lilikuwepo mstarini. Nikasema moyoni, basi, ni pengo tu, halimli mtu.

Wiki nne zilipita hivyo. Ya tano, mtoto wa nyuma ya lile pengo alianza kubaki, na wote wa nyuma yake wakabaki naye, mstari ukakatika vipande viwili. Nikamwita kando nikamfokea. Ni mtoto mpole, hajawahi kunidanganya.

"Si mimi, mwalimu," akasema. "Huyu wa mbele yangu anasimamasimama."

Nilimrudisha mstarini nikaenda kukaa ofisini, nikafunga mlango, na bado nikausikia ule mwendo wao nje, nikajikuta nahesabu miguu: jozi thelathini, na watoto waliobaki walikuwa ishirini na tisa.

Walipotawanyika nilimfuata yule mama, alikuwa anafunga kangoma kake kwenye kitenge. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia yule mtoto niliyemtaja hayupo duniani, kwamba nilimdanganya, na nikamwomba anisamehe na amtoe.

"Nilijua ulipomtaja," akasema. "Mtoto aliye hai hatajwi kwa sauti ile. Kumtoa naweza, ukinipa jina." Akanitazama. "Lakini unataka atoke?"

Nilitaka kusema ndiyo na mdomo ulikataa. Badala yake nilimuuliza jambo ambalo sikujua kama nalitaka kujua. Nilimuuliza kama anacheza vizuri.

"Miguu anayo," yule mama akasema. "Tatizo lake anageukageuka. Kila hatua tatu anasimama, anatazama nyuma. Anacheza kama mtoto anayeogopa kusemewa kwa baba."

Akajitwika mzigo wake akaondoka, na mimi nikakaa chini palepale kwenye vumbi na nguo zangu za kazi. Hakuna aliye hai anayejua jambo hilo. Baba yetu alikuwa mzee wa kanisa, ngoma kwake ilikuwa dhambi. Zilipokuwa zikipita njiani wakati wa mavuno mdogo wangu alikuwa akitoroka kuzifuata, akirudi miguu imejaa vumbi na uso unang'aa. Na kila alipotoroka, mimi ndiye niliyemsemea. Nilikuwa nikimfuata mpaka pembeni mwa njia, nikihakikisha nimemwona, kisha nakimbia kumwambia baba, nami naingia jikoni nisimsikie akichapwa. Sikufanya hivyo kwa dini. Nilimwonea wivu, kwa sababu yeye alijua kucheza. Surua ilimchukua mwaka uleule, wala sikuwahi kumwomba radhi.

Jumatano iliyofuata sikusimama kwenye mlingoti. Nilikwenda kwenye mstari, nikasimama kando ya lile pengo, na jina lake lilipoitwa nikaongea mbele ya watoto wote, wala sikujali watakwenda kusema nini nyumbani.

"Cheza, mdogo wangu," nikamwambia. "Baba hayupo. Na mimi simwambii mtu."

Kangoma kakalia. Nilitembea kando yake uwanja mzima, na mstari haukukatika.