Migogwe ya Mama Nyuma ya Jiko

Enzi zetu, nyie watoto wa juisi za boksi, tunda halikuja na picha yake. Ulilijua kwa kulipanda. Nami nasema bila aibu: katika mtaa wetu wote pale Singida mjini, hakuna waliokula matunda kama sisi watoto wa Mama Zuhura. Zuhura ndiye mimi. Atakayebisha aje, nipo.

Mama alitoka Lushoto, akaolewa Singida na baba, mwenye duka karibu na soko. Mbegu za magogwe alikuja nazo zimefungwa kwenye pindo la kanga. Kwao kuna ukungu na baridi. Kwetu kuna jua, mawe, na upepo wa kukuvua kofia. Majirani walipomwona anaotesha mbegu kwenye makopo ya mafuta walicheka mpaka wakashika mbavu. "Nyanya inayoota juu ya mti! Mama Zuhura, utazichuma kwa ngazi?" Mama alipandikiza miche yake nyuma ya jiko, pale ambapo jiwe kubwa la uani linakinga upepo, akatandaza maganda ya alizeti shinani, kisha akahamishia hapo hapo mahali petu pa kutawadhia. Maji yalikuwa ya shida, basi kila aliyetia udhu aliimwagilia miti bila kujua. Baba, mtu wa swala tano, ndiye aliyeimwagilia kuliko sote.

Jamani, majani yale! Mapana, laini, na ukiyashika harufu yake inabaki mkononi mpaka darasani. Tulicheza rede hapo uani. Matawi ya mgogwe ni mepesi kuvunjika, na mpira wa soksi ukilipata tawi tulikimbia wote, hata asiyerusha. Mama hakuuliza ni nani. Fimbo iligawiwa sawasawa. Magogwe yalining'inia kwa vikonyo virefu, ya kijani, halafu mekundu ya kuiva. Tuliyakata katikati, tukanyunyiza sukari, tukachota kwa kijiko, ganda tukaliacha kwa sababu ni chungu. Jirani mmoja aliyepewa akayatia na maganda yake kwenye mlenda. Nyumba nzima ikakunja uso, akaja kumsema mama kwamba amewalisha dawa ya minyoo.

Kisha ikaja ruksa ya serikali ya kuingiza bidhaa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakafurika vitu vya nje. Sabuni za kunukia, biskuti, mitumba, na ile juisi ya unga ya pakiti iliyogeuza maji na ulimi kuwa rangi ya chungwa. Shuleni tulitoleana ndimi ili kuonyeshana nani kanywa. Kitu kikiwa kizuri tulisema "hiki cha nje", na hapo hakuna mjadala. Biashara ikampanda baba kichwani. Pakiti zikajaa mpaka chini ya vitanda vyetu, akaamua kujenga stoo. Wapi? Nyuma ya jiko.

"Idi ikipita fundi anaanza," alimwambia mama. "Hiyo migogwe yako itoke."

Mama hakuwa mtu wa kulia, lakini siku ile alilia akipepeta mchele, nasi tukalia naye. Miti ile ndiyo kitu pekee cha kwao alichokuwa nacho Singida.

Siku ya Idi alikuja Mzee Sefu, tajiri wa Dodoma aliyekuwa akimletea baba mzigo wa jumla. Tukampa shikamoo, akakaa. Baba alikuwa ameshaagiza mgeni apewe juisi ya pakiti, na mama aliitikia, "Haya, Baba Zuhura." Akaikoroga kweli. Ila asubuhi ile alikuwa pia amechuma magogwe yaliyoiva, akayapitisha kwenye maji ya moto, akayamenya, akayaponda, akachuja, akatia sukari na iliki, akapoza kwenye mtungi. Sebuleni yakaingia majagi mawili.

Mzee Sefu alionja ya pakiti, akaweka glasi chini. Akaonja ile nyekundu. Akaimaliza. Akajimiminia nyingine mwenyewe.

"Bwana Hamisi, unanificha! Hii hukuchukua kwangu. Hii ya nje kabisa hii!"

Baba akamgeukia mama. Mama akajibu akiwa mlangoni, kichwa ameinamisha kwa adabu zote:

"Ni ya nje kweli, shemeji. Hapo nje, nyuma ya jiko."

Wallahi, Mzee Sefu alicheka hadi kofia ikamtoka. Akataka aione miti kwa macho yake, akaomba miche ya kumpelekea mkewe. Na baba, baba yule yule, akasimama pale kama bwana shamba: "Hii, sheikh, inataka kukingwa upepo." Mama akajifunika kanga usoni ili asionekane anacheka. Fundi alipokuja, baba alimpeleka upande wa mbele, akabomoa baraza alilolipenda, alipokuwa akichezea bao na wenzake, stoo ikajengwa hapo. Mama alipika siku hiyo akiimba, tena kwa sauti, mtaa mzima usikie. Waliomcheka wakaja mmoja mmoja kuomba miche, na yule wa mlenda naye akaja.

Leo binti yangu hununua juisi ya boksi yenye picha ya magogwe, akaipiga picha hiyo picha, halafu ndipo anywe. Nikimwambia chimba shimo, ananiuliza mche unauzwa duka gani. Sisi tulisubiri tunda mpaka tukalisahau, na siku lilipoiva nyumba nzima iliitana. Zile pakiti ziliondoka, hakuna aliyezililia. Migogwe ya mama haikukatwa na mtu. Ilizaa mpaka ikazeeka. Wa mwisho ulipoanguka, baba alikaa juu ya lile jiwe tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na chakula tulimpelekea huko huko.