Mawimbi Yalipokatika

Juzi niliona televisheni ya jirani imeandika "Hakuna mawimbi", nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni, nyumbani kwetu Mafiga. Nilikuwa nimekiweka king'amuzi kirekodi katuni nikiwa madrasa. Niliporudi, ratiba ilionyesha katuni zimerekodiwa, lakini nilipozifungua nilikuta giza tupu.

"Mama, king'amuzi kimeharibika!"

Mama alikuwa mlangoni, akitazama milima ya Uluguru iliyomezwa na wingu jeusi. Harufu ya udongo uliolowa ilitufikia, ingawa kwetu mvua ilikuwa haijaanza.

"Baba yako yuko huko juu shambani," alisema taratibu.

Sikujua kwamba wingu lile, lililoziba anga mbele ya dishi letu, ndilo lililokata mawimbi. Nilibonyeza rimoti kwa hasira. Jioni mto ulishuka na magogo na migomba. Baba hakushuka.