Bangili ya Mama Mukwe Ndani ya Msonobari

Leo nacheka, lakini siku ile, jamani, ningepata shimo ningejificha, na shimo lenyewe ndilo lililonitia aibu.

Sisi wa Nyakiriba tunatengeneza msitu wetu wa misonobari ili ndege na wanyama warudi: miti iliyobanana tunaipunguza, jua lifike chini, miti ya asili iote, ila ile mikavu yenye matundu tunaiacha imesimama, maana ndege wanazalia humo. Kuwaeleza watu haya siku ya umuganda (ile kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi) nilipewa mimi, na kwa kuwa nitasimama mbele za watu nikaazima bangili ya shaba ya mama mukwe, aliyoachiwa na mama yake. Nani anaenda msituni na bangili? Mimi.

Papa Eriki, chef wetu wa mudugudu, yaani mkuu wa kijiji, akagongagonga msonobari mkavu kwa shoka. "Bon, Mama Kevine, huu muti iko na kazi gani? Si kuni tu?"

"Ni nyumba ya ndege."

"Ndege gani?"

Loo! Hata mimi nilikuwa nakufa kwa hamu ya kujua, basi badala ya kusema sijui nikaingiza mkono kwenye tundu, nikagusa kitu chenye joto, kinatetemeka, nikashtuka, nikavuta, bangili ikakwama, nikavuta tena, wapi! Watu wanacheka, simu zinapiga picha, nami nimeukumbatia mti kama mchumba.

"Tukate muti, tumutoe!" akasema Papa Eriki.

"Musikate!" nikapiga kelele, nikabana vidole, mkono ukachomoka. Mtupu. Bangili tukaisikia ikitumbukia huko ndani.

Mama mukwe akasogea. "Mukate. Ile bangili ni ya mama yangu."

Nilitamani kulia. Mti niliokuja kuutetea, unakatwa kwa ajili yangu!

"Mama, mule iko watoto. Nimewagusa, hata manyoya bado."

Akanitazama weee. "Donc, basi ikae mpaka waruke. Wakiruka, tunakata."

Miezi imepita, na kila umuganda yeye ndiye anafika wa kwanza, ananiuliza mbele ya watu wote, "Mama Kevine, bado iko watoto?"

"Bado, Mama," najibu, na hamu ya kujua ni ndege gani inaniwasha mpaka leo, ila kuchungulia tundu lile, haki ya Mungu, sichungulii, nisije nikakuta wameruka.