Hajawahi Kuniona Nikila

Sikujua kwamba kuna watu wanaokwenda chuo kusomea kulisha watoto. Nilikokulia, Karagwe upande wa Tanzania, mtoto aliyekataa chakula dawa yake ilikuwa njaa. Basi daktari alipoandika kwamba nimpeleke binti yangu kwa mtaalamu wa kulisha, pale karibu na Gisimenti, huku Rwanda tulikorudi, nilikasirika. Niliona naambiwa nimeshindwa kazi ambayo hata kuku anaiweza.

Binti alikuwa na miaka mitatu. Alikunywa maziwa na kula biskuti za aina moja, basi. Wali aliutema, ndizi aliitema, maharage akiyaona tu alianza kutapika. Koo lilipimwa, tumbo likapimwa, ugonjwa haukuonekana, na uzito ulizidi kushuka. Daktari akanipa wiki nne: mizani isipopanda, mtoto atawekewa mpira wa kupitishia chakula puani. Tangu siku hiyo sikutulia. Kazini, kwenye ghala moja la Masoro, nilikuwa nawafokea wapakiaji kwa makosa yangu mwenyewe.

Mtaalamu alikuwa dada kutoka Goma, mpole mpaka anaudhi. Alimkalisha binti kwenye mkeka, akamwekea bakuli la uji uliopoa, akamwacha auchezee. Dakika ishirini nzima mtoto anapaka uji sakafuni, na mimi nimeomba ruhusa kazini kwa ajili hiyo. Nilitikisa mguu mpaka kiti kikaanza kulia. Mwishowe nikamuuliza ataanza lini kumlisha.

"Mie sitamulisha, mama," akasema, macho yake bado kwa mtoto. "Weye mwenyewe unakulaka wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Nilikuwa nakula jikoni, nimesimama, mlango nimeufunga, nikishamaliza kuhangaika na mtoto. Kazini nilikula nyuma ya makatoni, uso nimeuelekeza ukutani. Baba yake mtoto alikula kazini kwake, uwanja wa ndege Kanombe, kulingana na zamu. Mama yangu alinilea hivyo: Mnyarwanda mwenye adabu haonekani akitafuna. Kule Karagwe majirani walikula barazani na kumkaribisha kila apitaye. Sisi tulifunga mlango kwanza ndipo tukafunua sufuria, na mama alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa sala.

"Huyu mutoto alisha kukuona unakula?" akauliza yule dada.

Hajawahi. Miaka mitatu nimemkalia mbele na kijiko, nikimwimbia, nikimbembeleza, nikimtishia polisi, na mimi mwenyewe mdomo mtupu. Kwa alivyojua yeye, kula lilikuwa jambo analofanyiwa mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ni yeye.

Nikapewa masharti. Kila jioni niketi naye mezani, kila mtu na sahani yake, nile. Nisimwambie ale, nisimfute, nisimkodolee macho. Ni rahisi kusema. Jioni ya kwanza nilimeza ndizi zangu kama mwizi, shingo imepata moto kwa aibu, mtu mzima naona haya mbele ya mtoto wa miaka mitatu. Mkono wa kushoto niliukalia usije ukamkamata. Mama aliponipigia simu nikamweleza. Alicheka, kisha akasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilimjibu kwamba mimi nimeshaanza kulia, tena zamani.

Wiki ya kwanza binti alinitazama tu. Ya pili alisogeza kiti karibu. Nilikuwa nimenunua mizani na kuificha chini ya kitanda, nikawa nampima kila asubuhi, jambo nililokatazwa waziwazi. Mshale haukusogea. Nikaanza kumchukia yule dada na utulivu wake.

Jumatano ya wiki ya tatu, zimebaki siku tisa, binti alishuka kitini, akaja upande wangu, akachukua kipande cha ndizi sahanini kwangu na kuninyooshea. Nilifurahi nusura nilie. Nikafumbua mdomo. Akakisukuma ndani kwa vidole, na kabla sijatafuna, mkono wake wa pili ukanishika pua, ukaibana.

"Mira," akasema. Yaani nimeze, kwa lugha yetu ya nyumbani. Sauti ilikuwa yangu.

Ndivyo nilivyokuwa nikimlisha. Si kila siku. Siku ambazo ule uzito ulinitia wazimu, nilimbana katikati ya mapaja, nikamziba pua mpaka afumbue mdomo, nikatumbukiza kijiko. Sikumwambia daktari, wala yule dada, wala baba yake. Nilijiambia ni mapenzi. Sasa nilikuwa nimeketi pale, pua imezibwa, ndizi imejaa kooni, pumzi hakuna, na nikaogopa. Nilimwogopa mtoto wa kilo kumi.

Nilimeza. Akachukua kipande kingine.

"Ndahaze," nikamwambia, nimeshiba, nikatikisa kichwa.

Alinitazama kidogo. Kisha akaiachia pua yangu, akakirudisha kile kipande sahanini, akalamba mchuzi vidoleni, kimoja baada ya kingine, akapanda kitini kwake.

Siku zilizofuata alianza kuonja ndizi za sahani yake, na Ijumaa ya wiki ya nne mizani ya hospitali ilipanda kidogo, na habari ya mpira ikaishia hapo. Daktari alinipongeza, akaniita mama mvumilivu. Nilishindwa kumtazama usoni, maana siku zile za kumziba pua, kila mara binti yangu aliposema ndahaze, mimi niliongeza kijiko.